UZI: Kilo tatu kwa siku sita? Ni maji hayo. (Kwa mnaoacha wanga, mnaofunga, na mnaompa soda mtoto anayeharisha)

Mkunga wa Langoni (mwanzisha uzi)
Jumapili, saa 3:10 usiku

Assalam aleykum, na habari za usiku kwa wote.

Mtoto wa kaka yangu ni baharia hapa Amu (Lamu). Mashindano ya mashua yakikaribia, yeye ndiye hukaa kwenye ule ubao unaotokeza nje ya chombo, kusawazisha upepo ukikaza. Safari hii nahodha wake alimwambia amekuwa mzito, naye akaona dawa ni kuacha wanga. Si kupunguza, kuacha. Wali hagusi, chapati hagusi, mahamri ya asubuhi anamsukumia mdogo wake. Samaki wa kuchoma, mayai na kachumbari, basi. Siku ya sita akapanda mizani ya duka la dawa akakuta kilo tatu zimekwenda. Alikuja kwangu anacheka mpaka magego yanaonekana.

Siku ya saba, kwenye mkondo kati ya Shela na Manda, jua la utosi, akaona giza. Wenzake walimkamata shati asitumbukie. Wakamleta kwangu, maana nimeuguza watu miaka mingi kabla ya kustaafu na nyumba yangu haiko mbali na gati. Midomo imekauka, kichwa kinamgonga, na ukiibana ngozi ya nyuma ya kiganja hairudi upesi. Nikampa uji mwembamba wa mtama, sukari na chumvi kidogo, kikombe kimoja polepole, kisha kingine. Saa moja baadaye alikuwa anauliza nani kachukua kandambili zake.

Nilichomwambia yeye ndicho naandika hapa. Zile kilo tatu si mafuta.

Tupige hesabu ya dukani. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kalori 7,700 hivi. Kilo tatu ni kama 23,000. Kijana wa kazi ya tanga anatumia pengine 3,000 kwa siku. Hata angekaa siku sita bila kutia kitu kinywani angeteketeza 18,000, na huyu alikuwa anakula samaki changu wazima wawili kwa mlo mmoja. Hesabu haifiki.

Ilivyo ni hivi. Wali, muhogo, ndizi, mkate, vyote vikishavunjwa tumboni huwa glukosi. Ile ambayo mwili hauitumii saa hiyo huwekwa akiba kwa jina la glaikojeni: gramu 100 hivi kwenye ini, na 400 hivi kwenye misuli. Na akiba hii haikai kavu. Kila gramu moja hulala na gramu tatu hivi za maji. Kwa hiyo mtu aliyeshiba wanga anatembea na lita moja na nusu ya maji iliyofungamana na akiba yake. Ukiacha wanga ghafla, akiba inaliwa, maji yake yanakwenda chooni. Juu ya hapo insulini, homoni inayoongoza sukari mwilini, inashuka, figo zinaachia chumvi zaidi, na chumvi haiondoki peke yake, hufuatwa na maji mengine. Hapo mizani inashuka na kijana anafurahi. Mafuta yamebaki pale pale, au yamepungua kidogo tu.

Hata lile jina la wanga la kitabuni, kabohaidreti, maana yake ni kaboni na maji. Wanakemia wa karne ya 19 walipoipima glukosi waliona kaboni sita na maji sita, C₆H₁₂O₆, wakadhani ni kaboni iliyolowa. Haikuwa hivyo hasa, maana ndani yake hakuna maji yaliyokaa kama maji. Lakini kwa sisi wauguzi jina lile lilipatia kitu kingine: ukigusa sukari umegusa maji. Karibuni mniulize, nimemaliza kufua na usiku bado.

---

Misuli ya Chuma
Jumapili, saa 3:41 usiku

Bi Mkunga, kwa heshima zako zote. Mimi nimeacha wanga miezi minane na niko imara. Wanga si lazima kwa mwili. Ini linaweza kujitengenezea glukosi lenyewe. Mnawatisha watu bure ili waendelee kujaza sahani za wali.

---

Mkunga wa Langoni
Jumapili, saa 3:58 usiku

Mwanangu, kuhusu ini umesema kweli na sikukanushi. Ubongo peke yake hula kama gramu 120 za glukosi kwa siku, na usipoila, ini huitengeneza kutokana na protini na sehemu ya mafuta. Siku kadhaa zikipita, ubongo nao hujifunza kutumia vile vitu vinavyotokana na mafuta, ketoni. Kuna watu wameishi hivyo na wako salama, na kuna wagonjwa wa kisukari ambao daktari amewapunguzia wanga kwa makusudi, akawapimia na dawa.

Wewe una miezi minane. Huyu wangu alikuwa na siku saba, juani, na alipoacha wali hakuongeza maji wala chumvi. Tena alikuwa anakunywa kidogo makusudi asije akapanda mizani. Mwili unavuja, yeye anaziba koo.

Kama unapungua, pungua. Ila usimwambie mwenzio kwamba kilo za wiki ya kwanza ni kitambi.

---

Mpishi wa Mkahawani
Jumapili, saa 4:20 usiku

Mimi mambo ya ini siyajui, lakini jikoni nakubali. Wanga bila maji ni changarawe. Kikombe kimoja cha mchele kwa kikombe kimoja na nusu cha tui jepesi, ukikosea hapo umepika kokoto au bokoboko. Kitu ambacho sijawahi kukielewa ni kwa nini ukiuchemsha tu vya kutosha, ghafla mchele unafura na kulainika. Moto mdogo hata saa mbili haufanyi hivyo.

Na swali la pili: kiporo. Mamangu alikuwa akila wali kiporo asubuhi na chai, akisema unashikilia tumbo zaidi kuliko wa moto. Kweli au maneno ya wazee?

---

Mkunga wa Langoni
Jumapili, saa 4:37 usiku

Mpishi, umeniuliza ninachokipenda. Punje ya mchele mkavu ina maji kama 12 kwa mia. Wanga wake umekaa kwenye vichembe vilivyobana sana, hata vimeng'enya vya tumboni vinapata taabu kuingia. Ukiutia kwenye maji na joto likafika kiasi cha nyuzi 60 hadi 80, vichembe vile vinaachia, maji yanaingia, vinafura. Chini ya joto hilo utangoja mpaka kesho. Wali ukishaiva, karibu theluthi mbili ya uzito wake ni maji. Ndiyo maana nasema sahani ya wali nayo ni kinywaji cha namna yake. Mtu anakula sahani kubwa mchana halafu ananiambia leo hakunywa maji. Amekunywa, kwa kijiko.

Mate nayo yana kimeng'enya cha kuvunja wanga. Tafuna mkate mkavu polepole bila kumeza, utaona unaanza kuwa mtamu mdomoni. Kisha kazi kubwa inafanywa na kongosho na utumbo mwembamba.

Kiporo: mama alikuwa na haki. Wali ukipoa, sehemu ya wanga hujipanga upya na kukaza, ikapita utumbo mwembamba bila kuvunjwa mpaka kwenye utumbo mpana, wakaila vijidudu wa huko. Kwa hiyo sukari inapanda kwa utulivu zaidi. Lakini si tofauti ya kukufanya ule sufuria zima. Na hapa nakaripia kidogo: wali uliolala sufuriani mezani usiku kucha, kwa joto letu hili la kaskazi, una kidudu kinachotoa sumu, na sumu ile haifi ukiupasha moto. Wengi waliokuja kwangu wanatapika asubuhi baada ya harusi, biriani ilikuwa haina kosa. Kosa lilikuwa ni kukaa mezani kwa muda wa saa nane. Wa kiporo upoze upesi, uweke kwenye friji.

---

Mama Wawili, Faza
Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Nimeusoma uzi huu nikakumbuka jambo linaloniuma. Mwaka uliopita mwanangu wa miaka miwili aliharisha siku mbili. Nilimpeleka zahanati moja, nikaambiwa zile pakiti za ORS, za chumvi na sukari za kuchanganya na maji, zimekwisha, nikajaribu kwingine, akaniambia mmoja aliyekuwepo pale nimpe soda ya chungwa aliyotoa gesi, "ina sukari, itampa nguvu". Nikampa. Akazidi. Mpaka usiku macho yameingia ndani. Tulikodi boti ya saa tisa usiku kuja Amu. Alhamdulillahi alipona. Lakini kama sukari huvuta maji kama ulivyosema, mbona soda ilimzidishia?

---

Mkunga wa Langoni
Jumatatu, saa 2:02 asubuhi

Pole sana mama, na usijilaumu, ulifanya ulichoambiwa. Swali lako ndilo kiini cha uzi wote, kwa hiyo nivumilie niandike kirefu.

Sukari huvuta maji kuelekea ilipo yenyewe. Ndiyo sheria yote. Ukitia sukari juu ya vipande vya embe, baada ya saa sahani imejaa maji: yamevutwa kutoka ndani ya embe. Ndivyo asali inavyokaa miaka bila kuoza, kijidudu kikiingia kinanyonywa maji yake kikafa. Sasa soda ina sukari zaidi ya gramu 100 kwa lita, na chumvi karibu hakuna. Ikifika kwenye utumbo wa mtoto ambao tayari hauwezi kunyonya sawasawa, sukari ile nzito inabaki pale na kuvuta maji kutoka mwilini kuja utumboni. Tumbo linazidi kufunguka.

ORS ina sukari kidogo, gramu 13.5 za glukosi kwa lita, pamoja na chumvi 2.6, na chumvichumvi nyingine mbili. Kiasi hicho Shirika la Afya Duniani lilikipunguza mwaka 2002 kutoka mchanganyiko wa zamani uliokuwa mzito zaidi. Na siri iko hapa. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna mlango ambao glukosi haipiti peke yake na chumvi haipiti peke yake. Zinapita zimeshikana mikono. Zikishaingia mwilini, maji yanazifuata. Hata kipindupindu kikali hakiuharibu mlango ule, na ndiyo maana mtu anaharisha ndoo na bado anaweza kurudishiwa maji kwa mdomo. Mwanasayansi Robert Crane alieleza jambo hilo mwaka 1960. Kabla ya hapo tulikuwa na dripu tu, na dripu inataka sindano, chupa, na mtu anayejua mshipa uko wapi.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa mpakani upande wa India, kipindupindu kikaingia kambini. Dripu zikawa zinakwisha. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, akaamua kuchanganya chumvi na glukosi kwenye mapipa na kuwapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Kwa kikombe. Nilipofundishwa habari hii chuoni niliweka kalamu chini.

Ikiwa pakiti hakuna: maji safi lita moja, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko vya kusawazisha kwa kisu, si vya mlima. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, sukari ikizidi umerudi kwenye soda. Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Wa chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu kikombe cha chai kila akienda choo, kwa kijiko, akitapika ngoja dakika kumi uanze tena. Ziwa lisikatwe. Yakipita saa 24 mwaga, changanya mengine. Na vidonge vya zinki uliza, hupewa siku 10 hadi 14. Akilegea, asipokojoa, macho yakiingia ndani au choo kikiwa na damu, hapo usikae na kikombe, tafuta boti.

---

Mama Wawili, Faza
Jumatatu, saa 2:20 asubuhi

"Yasiwe na chumvi kuliko machozi." Nimeandika kwenye ukuta wa jikoni. Shukran, Bi Mkunga.

---

Dafu la Matondoni
Jumatatu, saa 6:30 mchana

Na madafu? Sisi huku mtoto akiharisha ni dafu tu, na hatujawahi kuzika kwa hilo.

---

Mkunga wa Langoni
Jumatatu, saa 7:05 mchana

Dafu ni zuri, ni safi ndani ya kifuu chake, lina potasiamu nyingi. Chumvi ndiyo kidogo, na anayeharisha sana anapoteza chumvi. Kwa kuharisha kidogo kwa siku moja sina ugomvi nalo. Kwa kipindupindu sikuruhusu.

---

Babu wa Mkomani
Jumatatu, saa 10:15 jioni

Binti yangu, nimesomewa maneno yako na mjukuu, naye ndiye anaandika haya. Mimi mambo ya glukosi sina, lakini mai nayajua.

Zamani mai ya Amu yalikuwa matamu. Mtungi pembeni ya daka, kata juu yake, ukinywa yakushuka mpaka kidole cha mguu. Sikuizi ukipika chai kwa mai ya kisima huna haja ya kutia munyu. Wanatuambia tunywe mai mengi, mai yapi?

La pili. Miaka ya ujana wangu tulikuwa wanne ndani ya chombo, tanga likapasuka nje ya Kiwayu, tukachukuliwa siku tatu. Mai yalikuwa kidogo. Mmoja wetu alikunywa ya bahari, tukamfunga kamba kwenye mlingoti maana alianza kuona nyumba juu ya mawimbi. Nahodha wetu alitunyima samaki. Samaki tunao, alikataa tusile! Akatugawia tende, tatu asubuhi tatu jioni. Nilimchukia mpaka tulipofika. Kwa nini alifanya vile, hakutwambia.

---

Mkunga wa Langoni
Jumatatu, saa 11:40 jioni

Shikamoo Babu. Nimeyasoma maneno yako mara mbili.

Mai kwanza. Mvua inayonyesha kwenye matuta ya mchanga ya Shela inazama, na yale matamu hukaa juu ya maji ya bahari chini ya ardhi kwa kuwa ni mepesi. Visima vyetu vinateka kwenye tabaka hilo la juu. Tukivuta kwa pampu kuliko mvua inavyorudisha, au tukijenga juu ya mchanga ule, la chini linapanda. Ndiyo munyu wa kwenye chai yako. Mwenye presha anayekunywa maji hayo kila siku anakula chumvi bila kuiona, kwa hiyo ya kunywa na ya uji tafuta ya mvua au ya kununua, ya kisima ogea.

Ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita. Figo za binadamu haziwezi kutoa mkojo mkali kiasi hicho. Kila kikombe ukinywa, utatumia zaidi ya kikombe kuitoa ile chumvi. Mwenzako alikuwa anajikausha kwa kunywa.

Na nahodha wako, Mungu amrehemu kama amekwenda, alikuwa bingwa. Protini ya samaki ikivunjwa inaacha taka, na taka ile haitoki ila kwa mkojo, yaani kwa maji. Wanga na sukari zikiteketezwa haziachi taka ya namna hiyo, na zaidi, zinauzuia mwili usile misuli yake wenyewe ambayo nayo ina taka ile ile. Miaka ya 1940, baada ya vita kuzamisha meli nyingi, daktari wa Marekani James Gamble alichunguza chakula cha watu waliomo kwenye vyombo vya kuokolea maisha. Akaona gramu 100 tu za glukosi kwa siku zinaokoa maji mengi ambayo yangepotea kwa mkojo. Ndiyo sababu mpaka leo chakula cha dharura cha baharini ni biskuti na sukari, si nyama kavu. Tende karibu theluthi mbili ya uzito wake ni sukari. Tende sita hazifiki gramu 100, lakini ndiko alikokuwa anaelekea.

Sijui alifunzwa na nani. Pengine na aliyekufa kwa kula samaki.

---

Babu wa Mkomani
Jumatatu, saa 12:05 jioni

Alikuwa mtu wa Siyu. Nimemsamehe.

---

Mwenye Kiu
Jumanne, saa 7:50 usiku

Samahani kwa kuingilia. Miezi miwili hii nakunywa maji kama punda wa Mokowe na kiu haikatiki. Naamka mara nne kukojoa. Nimepungua na sijaacha wanga. Mke wangu anasema sisimizi wanajaa chooni. Nikadhani ni joto la kaskazi.

---

Mkunga wa Langoni
Jumanne, saa 12:10 asubuhi

Kaka, acha kusoma uzi, nenda ukapime sukari leo, kabla ya chai. Ni tone moja la damu kidoleni. Ikiwa hujala tangu usiku na kipimo kikasoma 7.0 (mmol/L) au zaidi, daktari atarudia kipimo apate uhakika. Kikisoma 11.1 au zaidi wakati wowote pamoja na kiu hiyo uliyoitaja, jibu limeshakuja. Ukianza kutapika, kuumwa tumbo au kuhema kwa nguvu usingoje asubuhi.

Ni ile ile sheria ya embe, ila sasa iko kwenye figo. Sukari ikipita kiasi cha 10 hivi kwenye damu, figo zinashindwa kuirudisha yote, inamwagika kwenye mkojo, na ikitoka inavuta maji nayo. Hukojoi sana kwa sababu unakunywa. Unakunywa kwa sababu unakojoa. Sisimizi wanafuata utamu.

Na kiu hiyo usiikate kwa soda wala juisi ya pakiti, nimeona wengi wanafanya hivyo na kujiwashia moto. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari kama vijiko vinane. Shirika la Afya Duniani, tangu 2015, linasema sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na ni bora ibaki 25.

---

Mwalimu wa Hindi
Jumanne, saa 8:30 mchana

Bi Mkunga, wanafunzi wangu wanasema lazima glasi nane kwa siku. Na Ramadhani tunazinywa vipi kati ya futari na daku? Wengine huzinywa zote saa kumi alfajiri, wanapiga kelele tumboni kama mitungi.

---

Mkunga wa Langoni
Jumanne, saa 9:15 alasiri

Glasi nane ni deni ambalo hakuna aliyelikopa. Mwaka 1945 bodi ya lishe ya Marekani iliandika kwamba mtu mzima anahitaji lita mbili na nusu hivi, na sentensi iliyofuata ikasema sehemu kubwa ya kiasi hicho tayari imo kwenye chakula. Watu wakaisoma ya kwanza wakafunga karatasi. Wali, mchuzi, tikiti, uji, chai, vyote vinahesabiwa. Hata kahawa chungu inahesabiwa, inakukojoza kidogo lakini haikuachi na hasara. Tazama rangi ya mkojo: kama maji ya ndimu uko sawa, kama chai ya rangi kunywa. Na kupita kiasi kupo: kuna wakimbiaji wa masafa marefu wamekufa kwa kunywa maji matupu mengi mpaka chumvi ya damu ikapungua.

Ramadhani. Hapa kwetu karibu na ikweta saumu ni saa 13 na kitu, mwaka wowote. Lita moja ya saa kumi alfajiri yote itakuwa chooni kabla jua halijapanda, mwili hauna mahali pa kuiweka. Gawa: kikombe na tende wakati wa kufungua, uji, kikombe baada ya tarawehe, kikombe kabla ya kulala, viwili daku. Na daku isiwe ya samaki wa chumvi na achari peke yake, utalilia maji saa nne asubuhi. Uwe na kitu cha wanga kinachokwenda polepole: mkate wa mofa, muhogo, mbaazi na chapati ya unga wenye makapi. Makapi yanashika maji kama sifongo na kuyaachia taratibu, ila yanataka maji yenyewe, ukiyala makavu utafunga choo. Na akiba ya ini ukiijaza daku umejaza na maji yake. Hilo nilishaliandika juu, narudia kwa ajili ya Misuli ya Chuma.

---

Misuli ya Chuma
Jumanne, saa 9:40 alasiri

Nimeona, Bi Mkunga. Nasoma tu.

---

Mwenye Kiu
Jumatano, saa 4:20 asubuhi

Nimepima. 16.8. Wameniandikia dawa na kuniambia nirudi Ijumaa. Mke wangu anakusalimu, anasema alijua kabla yangu na kabla yako.

---

Mkunga wa Langoni
Jumatano, saa 4:45 asubuhi

Mwambie salamu zimefika, na amesema kweli. Ijumaa usikose. Dawa usiruke, na kijiko cha sukari kwenye chai kianze kupungua leo, si Jumamosi.

---

Baharia wa Ubao
Jumatano, saa 2:30 usiku

Shangazi, umenianika mbele ya Amu nzima. Hata nahodha ameusoma uzi, ananiita Kilo Tatu.

Nimerudi kula tangu Jumapili. Muhogo wa nazi, wali, mofa mbili leo asubuhi. Nimetoka mizani sasa hivi. Kilo mbili na robo zimerudi kwa siku tatu! Nimefanya nini? Si nilikula kama kawaida tu?

---

Mkunga wa Langoni
Jumatano, saa 2:41 usiku

Ni maji, mwanangu. Kanywe mengine ulale, kesho upepo unakaza.